GPS kuukuu ya gari na vikopo vya msituni: shajara ya mradi

17 Mei

Leo nimepata kifaa. Kwenye soko la mitumba la bustani ya Rheinaue, hapa Bonn, mzee mmoja alikuwa ametandika turubai lenye vyombo vya nyumbani, na katikati ya sahani na redio ilikuwepo GPS ya gari, Garmin nüvi ya zamani, pamoja na waya wake wa kuchomeka garini. Yuro 8. Nikamwomba aiwashe. Ilichukua dakika kama nne kutafuta setilaiti, kisha ikatuonyesha tulipo, ukingoni mwa mto Rhine, na barabara iliyo nyuma yetu. Nikalipa.

Nyumbani swali lilikuwa moja: ya nini, na simu ipo? Naandika jibu hapa kwa sababu mradi wote umesimama juu yake. Mimi na wanangu wawili, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 6, tunacheza jiokashi. Kwa asiyeujua mchezo huu: mtu anaficha kikopo chenye kijitabu ndani, anatangaza latitudo na longitudo yake kwenye mtandao, na wengine wanakwenda kukitafuta. Ukikipata unaandika jina na tarehe, unakirudisha palepale ulipokikuta. Mpaka sasa tumekuwa tukichapisha kurasa: maelezo ya kikopo, dokezo, maneno ya waliotangulia. Jumapili iliyopita tulinyeshewa, na kurasa kumi na mbili zikawa uji mfukoni mwangu.

Simu yangu ni ya kazi. Nasambaza vifurushi, na ikiisha chaji siku ya mapumziko naanza Jumatatu vibaya. Watoto nao wanataka kushika kifaa wenyewe, na sitaki kukaa roho juu kila wanaporuka mtaro. Halafu Desemba, Mungu akipenda, tunakwenda Tanga, na huko nataka kifaa kisichodai bando kila kona.

Miaka sita kazini nimeishi na vifaa hivi na nazijua tabia zake. Vinajua barabara. Vitakufikisha kwenye namba ya nyumba. Mlango uutafute mwenyewe. Kwa hiyo mradi ni huu: kukifundisha kifaa cha barabara kubeba maneno ya msituni.

19 Mei

Nimekichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kikafunguka kama flashi ya kawaida. Ndani kuna folda nyingi. Kabla ya kugusa chochote nimenakili kila kitu na kukiweka pembeni. Nawasihi wote mtakaojaribu mfanye hivyo kwanza.

Vikopo vyenyewe vinakuja kama faili la GPX, ambalo ni maandishi matupu yenye mpangilio: nukta moja, latitudo yake, longitudo yake, jina, na maelezo. Geocaching.com huwapa wanachama wanaolipia orodha iitwayo Pocket Query, hadi vikopo 1,000 kwa mara moja. Mimi nimeanza na Opencaching.de, ambako matokeo ya utafutaji yanapakuliwa bure kwa GPX, na hata kwa OV2, aina ya faili inayosomwa na TomTom, GPS za gari za kampuni nyingine. Nimechukua vikopo vyote vya kilomita 25 kutoka nyumbani.

Nüvi haisomi vikopo kama vikopo. Inachosoma ni nukta za mtu binafsi, zile ambazo madereva wengine hujaza kamera za mwendokasi au vituo vya mafuta. Nukta hizo hukaa kwenye faili lenye kiambishi gpi, ndani ya folda iitwayo POI. Garmin wenyewe wana programu ya kulitengeneza, lakini kompyuta yangu ni ya Linux, mfumo ambao programu hiyo haiendeshwi juu yake, kwa hiyo natumia GPSBabel, programu huria inayogeuza karibu kila aina ya faili la GPS kuwa aina nyingine. Amri ni mstari mmoja:

gpsbabel -i gpx -f vikopo.gpx -o garmin_gpi,category=Vikopo,bitmap=kopo.bmp -F POI/vikopo.gpi

Hiyo kopo.bmp ni picha ndogo ya nukta 24 kwa 24 aliyoichora binti yangu. Mandhari yake ameipaka rangi ya zambarau inayong'aa, kwa kuwa rangi hiyo ndiyo kifaa huichukulia kuwa hakuna kitu.

Nikachomoa waya. Kwenye menyu ya vitu vya ziada pakatokea neno "Vikopo", na chini yake orodha yote, cha karibu kikiwa juu. Binti alipoiona picha yake imetapakaa juu ya ramani ya Bonn alikaa kimya muda mrefu, akivuta ramani huku na huku kwa kidole.

20 Mei

Majina yapo, maelezo hayasomeki. Ukigusa kikopo unapata rundo la alama za HTML, lugha ya kupangia kurasa za mtandao, mabano na herufi zilizovurugika mahali pa ö na ü, halafu maandishi yanakatika kabla hayajafika popote. Nimejaza nukta moja ya majaribio kwa nambari zinazofuatana ili nione mkasi uko wapi. Kwenye kifaa changu unapita baada ya herufi mia tisa na kitu. Maelezo ya baadhi ya vikopo hapa Ujerumani ni marefu kama barua ya posa: historia ya kijiji, shairi, shukrani kwa mkwe aliyeazima ngazi.

Kwa hiyo swali la kweli la mradi si la kiufundi. Ukiwa na herufi 900, na umesimama chini ya mwaloni watoto wanakuuliza "Baba, ni hapa?", unahitaji kuambiwa nini?

24 Mei

Jioni nne nimekaa na Python, lugha ya kuandikia programu niliyoanza kujifunza darasa la jioni majira ya baridi. Skripti, yaani programu yangu ndogo, ina mistari sitini hivi. Inafungua GPX, inafuta HTML, inageuza vifupisho vya HTML kuwa herufi halisi, kisha inapanga upya maneno ya kila kikopo.

Mpangilio wa kwanza niliuiga kutoka kwenye ukurasa wa mtandao: maelezo, kisha dokezo, kisha waliotangulia. Haukufaa, maana mkasi unakula mwisho, na vya maana viko mwisho. Sasa mstari wa kwanza ni ukubwa wa kikopo, ugumu wake na hali ya ardhi, vyote viwili kwa kipimo cha 1 hadi 5. Mtu anayetafuta kichupa kidogo kama kidole haangalii mahali pamoja na mtu anayetafuta debe. Mstari wa pili ni tarehe ya mwisho kupatikana. Hili nimelipigania mwenyewe: kama watu watatu wa mwisho wote wameandika hawakukiona, sitawazungusha watoto saa nzima kwa kitu kilichokwisha kuchukuliwa. Kisha maneno ya wageni wawili wa mwisho, yakiwa yamefupishwa. Maelezo ya mwenye kikopo yanakuja mwisho kabisa. Mkasi ukiyapitia, basi.

Dokezo ndilo lililonisumbua. Likikaa chini linakatwa. Likikaa juu, binti anafungua tu kusoma ukubwa na macho yake yanaangukia "nyuma ya benchi, chini kushoto", na mchezo umekwisha kabla hajatafuta.

1 Juni

Jibu lilikuwepo siku zote kwenye mchezo wenyewe. Kwenye mtandao madokezo huonyeshwa yakiwa yamefichwa kwa kuruka herufi 13: A inakuwa N, B inakuwa O, na ukiruka 13 tena unarudi ulikotoka. Ndani ya faili la GPX dokezo linakuja wazi. Nimeiambia skripti ilifiche upya na kuliweka mstari wa tatu. Halipotei, wala halisomeki kwa bahati mbaya.

Leo tumeenda nalo Kottenforst, ule msitu mkubwa wa mialoni kusini magharibi mwa mji. Kikopo cha pili kilitushinda dakika ishirini. Binti akatoa penseli, akaandika herufi A hadi M kwenye mkono wake na N hadi Z chini yake, akaketi juu ya gogo kufungua neno moja: Jhemry. Likatoka Wurzel, yaani mzizi. Mdogo wake alikuwa amelala kifudifudi na mkono ndani ya shimo la mzizi kabla dada yake hajamaliza kulitamka.

Njiani kurudi walitaka kujua nani aliuanzisha mchezo huu. Niliwaambia ninachokijua. Zamani jeshi la Marekani lilivuruga kwa makusudi ishara ya GPS ya raia, hivyo ungeweza kupotezwa hata mita mia. Mei 2000 wakaacha kuivuruga, na siku iliyofuata, tarehe 3, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza mahali ilipo: N 45° 17.460, W 122° 24.800. Ndani yake, pamoja na vitu vingine, kulikuwa na kopo la maharage. Mdogo akauliza kama aliyeipata alikula yale maharage.

3 Juni

Nukuu fupi ya ufundi. Betri ya ndani imezeeka, inadumu saa moja na nusu. Nimejaribu kuiunganisha na betri ya mkononi kwa waya wa kawaida wa USB, ikajidhani iko kwenye kompyuta, ikaacha kuonyesha ramani. Waya wa gari ni tofauti: ndani ya plagi ile ndogo, pini ya nne ndiyo inayokiambia kifaa kwamba huu ni umeme tu na hakuna kompyuta upande wa pili. Nimenunua waya ambao pini hiyo imeunganishwa tayari. Sasa inakwenda kutwa nzima.

15 Juni

Siku ya makosa, na makosa ni yangu.

Kulikuwa na kikopo kando ya mto Sieg, karibu na pale unapoingia Rhine. Nikagusa "Nenda", tukaendesha, sauti ikatuambia tumefika. Tumefika wapi? Mshale unaonyesha mita 70 mbele, na mbele ni maji. Kifaa kilitafuta barabara iliyo karibu zaidi na nukta, na barabara hiyo ilikuwa ng'ambo ya pili ya mto. Hakikukosea kazi yake. Mimi ndiye niliyempa dereva wa barabara nukta isiyo na barabara. Ningekuwa na kifurushi mkononi nisingefanya hivyo hata siku moja.

Kilichotuokoa ni kivuko. Pale Bergheim kuna chombo kidogo cha watu wa miguu na baiskeli kinachovuka Sieg kikiwa kimefungwa kwenye kamba, bila injini, kikisukumwa na mkondo wenyewe wa maji. Watoto walisahau kikopo kabisa. Nami nilisimama pale nikaikumbuka Pangani, watu wakisubiri pantoni kwenda Bweni, na yale maji ya kahawia.

Usiku nimerekebisha skripti. Vikopo vingi vina nukta za ziada ndani ya GPX, na mojawapo mara nyingi ni ya maegesho. Sasa nazitoa kwenye faili lake, maegesho.gpi, lenye picha ya gari. Kifaa kinasoma mafaili kadhaa kwenye folda ileile, mradi majina yatofautiane. Utaratibu mpya: gari linapelekwa kwenye maegesho, miguu inapelekwa kwenye kikopo.

22 Juni

Miguu. Hapa ndipo kifaa cha gari kinahitaji kueleweka, na nimejifunza mengi wiki hii kuliko wiki zote.

Kwanza, ukikiacha katika hali ya gari kinakuvutia barabarani. Umesimama kichakani, chenyewe kinakuchora juu ya njia iliyo mita 20 kando, kwa kuwa gari halitembei vichakani. Kwenye mipangilio ya njia kuna chaguo la kwenda nje ya barabara. Ukilichagua, kinachora mstari ulionyooka kutoka ulipo mpaka nukta, na kinaacha kukuvuta.

Pili, hakina dira ndani. Mshale wake unajua unakoelekea kwa sababu unatembea tu. Ukisimama, unazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Wa kwanza kuligundua alikuwa mdogo: alisimama, mshale ukageuka, akageuka nao, ukageuka tena. Sasa tunafanya hivi. Tunatembea kuelekea nukta kwa mwendo usiobadilika, bila kusimama, mpaka kiseme mita 10. Mmoja anabaki kwenye mstari ule amesimama kama mlingoti. Halafu tunazunguka, tunaijia nukta kutoka ubavuni, kwa mwendo uleule. Pale mistari miwili inapokatana ndipo tunapoanza kupekua.

Tatu, majani. Msitu ukiwa na majani mabichi, ishara inapungua na umbali unaruka: mita 6, mita 15, mita 4. Hakuna tiba zaidi ya subira. Tarakimu ya mwisho ya dakika, ile ya elfu moja, ina thamani ya mita 1.85 tu kwenye latitudo, kwa hiyo hata mfichaji mwenyewe hakuipata kwa uhakika huo. Nawaambia watoto: kifaa kinakuleta chumbani, kabati mfungue wenyewe.

6 Julai

Vilima vya Siebengebirge, upande wa pili wa Rhine. Vikopo vitano, karatasi sifuri, mvua kiasi. Tulipanda mpaka Drachenfels, mita 321, kilima ambacho mawe yake yalichongwa kujengea kanisa kuu la Köln hadi serikali ya Prussia ilipokinunua mwaka 1836 kuzuia kisiendelee kuliwa. Ni hifadhi, hutoki njiani, na vikopo vinatakiwa kufikiwa ukiwa njiani. Nimeongeza neno HIFADHI mwanzoni mwa maelezo ya vikopo vya eneo hilo kwa mkono. Skripti haiwezi kulijua hilo, na sitaki mwanangu akanyage mche kwa sababu mshale ulinyooka.

Kwangu, sehemu ya kwanza ya mradi imekamilika leo.

19 Julai

Tanga.

Ramani iliyomo kwenye kifaa inaishia Ulaya. Nimepakua data ya Tanzania ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, kutoka tovuti ya Geofabrik na kuigeuza kwa mkgmap, programu inayotengeneza ramani zinazosomeka kwenye Garmin. Faili linalotoka huitwa gmapsupp.img, nikaliweka kwenye kadi ndogo, ndani ya folda ya Garmin. Dar es Salaam inapendeza kuitazama: vichochoro, mifereji, hata nyumba mojamoja, matunda ya Ramani Huria, mradi ambao wanafunzi na wakazi waliingia mitaani kuchora wenyewe. Mkoani Tanga barabara kuu zipo zote. Vijijini kuna mapengo.

Jaribio la kwanza kifaa kilionyesha ramani lakini kikakataa kutafuta njia. Nilikuwa nimesahau kuiambia mkgmap iweke na taarifa za njia. Ni neno moja tu kwenye amri, --route. Nikarudia. Kisha nikazima setilaiti kwenye mipangilio, nikajiweka mjini Tanga kwa kidole, nikakiambia kinipeleke Pangani. Kigari kikaondoka mezani kwangu Bonn, kikashika njia ya kusini, kikaipita Tongoni yenye magofu na makaburi ya nguzo. Mke wangu alikuja na chai, akasimama nyuma yangu mpaka kikafika.

27 Julai

Nimempigia mjomba kumweleza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Hicho kidude chako, kinakujua kwa Babu?"

Hakikujui. Kaburi la babu yangu liko nje ya kijiji, njiani kwenda baharini, na aliyebaki anayelijua vizuri ni mjomba. Mimi nilifikishwa hapo mara moja, nikiwa na umri kama wa mwanangu huyu mdogo. Mjomba akaanza kunielekeza kwa simu, nami nikamwomba asubiri nichukue kalamu. Nilipokuwa naandika niliona anafanya kilekile ilichonichukua jioni nne kuifundisha skripti: kilicho muhimu kwanza, alama zinazoonekana kwa macho, maneno machache.

9 Agosti

Mjukuu wa mjomba amefika makaburini na simu, akasimama penyewe, akanitumia mahali alipo. Nilimwomba asubiri dakika tano kabla ya kutuma ili ishara itulie, na arudi siku nyingine arudie. Amerudia. Nukta mbili zimepishana mita 4.

Nimetengeneza faili jipya, nyumbani.gpi. Lina nyumba ya mjomba, kisima, msikiti, duka ambalo mama alikuwa akinituma chumvi, na kaburi. Binti amechora picha ya kila moja. Alipofika kwenye kaburi aliuliza kama maelezo yake tuyafiche kwa kuruka herufi 13 kama madokezo mengine. Nimemwambia hapana, la Babu liache wazi.

Mstari wa nukta hiyo, kama mjomba alivyousema, sikubadilisha neno:

"Shuka penye mnazi uliolala. Fuata ukuta wa zamani upande wa bahari mpaka uishie. Hesabu mikorosho mitatu. Kaburi lina jiwe la matumbawe kichwani, halina jina. Msalimie kwanza."

Herufi 175 pamoja na nafasi. Yote yameingia.